Harusi Iliyongoja Gari la Kiitaliano

Nimefanya kazi miaka mingi katika duka la spea na hadi leo siwezi kukueleza difu inafanya kazi gani. Magari hayajawahi kunivutia. Lakini nadhani katika Juba nzima hakukuwa na mtu aliyelingoja lile gari jipya la Kiitaliano, la kifahari, la mbio, linalotumia umeme, kama nilivyolingoja mimi. Matajiri wa Ulaya walilingoja ili walinunue. Baba yangu alilingoja kwa sababu alikuwa na mapenzi nalo. Mimi nililingoja kwa sababu kabla halijatoka nisingeweza kuolewa. Najua inasikika kama mzaha, na kweli ilianza kama mzaha, ila uliocheka ni upande wetu peke yake.

Miaka yetu ya ukimbizini Uganda, baba alikuwa dereva wa lori. Alibeba mizigo kutoka Mombasa hadi Kampala, na safari nyingine akaifikisha Arua, ambako mama alinilea na ambako tulimzika. Kiswahili cha nyumba yetu alikiokota katika barabara ile, nacho tulirudi nacho Juba pamoja na sufuria. Siku moja huko bandarini aliona gari la Kiitaliano likitolewa ndani ya kontena, mali ya tajiri asiyemjua. Mtu aliyetumwa kulichukua akaliwasha, na baba anasema alisimama pale na kikombe cha chai mkononi hadi chai ikapoa. Hakuligusa. Nani angemruhusu? Alilisikia tu likinguruma, likaondoka. Mama alikuwa akituambia kwamba safari ile mumewe alirudi na mke wa pili, na uzuri wake ni kwamba haombi sabuni wala chumvi.

Tuliporudi, baba alifungua duka lake mtaa wa Hai Cinema, na juu ya rafu ya pedi za breki akabandika picha ya gari kama lile, aliyoikata kwenye gazeti. Jua limeila rangi, mafuta ya mikono yetu yameila pembe, lakini wateja wote wanajua kwamba ukitaka baba akupunguzie bei, uisifie picha ile kwanza.

Basi habari zikaja kwamba mafundi walewale wa Italia wanatengeneza gari la umeme. Niliisoma kwenye simu nikamtafsiria, maana Kiingereza cha baba ni cha vibao vya barabarani. Alikasirika kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

"Arabiya bila injini ni nini?" akaniuliza, maana gari yeye huliita arabiya, kwa Kiarabu cha Juba. "Hiyo ni friji."

Alinuna kwa muda mrefu, na picha ya ukutani akawa haitazami. Kisha petroli ikaadimika mjini, kama inavyoadimika kila mara. Boda zikapanga foleni hadi mbele ya duka letu, na kando ya barabara watu wakauza mafuta kwenye chupa za maji ya kunywa, mengine yakiwa na maji ya kunywa ndani yake. Baba aliketi nje kwenye kiti chake cha plastiki, akaitazama foleni, akalitazama jua, na nikaona uso wake unabadilika.

"Wewe angalia," akasema. "Zile zingine zote haziwezi kuja Juba. Mafuta yetu itaziua. Lakini hii inakula stima. Na stima unaweza kutoa kwa jua. Sasa niambie, jua iko wapi kama Juba?"

Nikamkumbusha mashimo ya barabara ya kwetu, ambayo hata lori la maji huyaogopa.

"Barabara itatengenezwa," akasema, kama waziri.

Tangu siku ile aliniamkia kwa neno moja kabla ya salamu: "Imetoka?" Nami nilichungulia simu nikamjibu kwamba bado, na hapo ndipo tulipofungua duka.

Asubuhi moja alikuja mwanamume kutoka Rejaf, nje kidogo ya mji, akitafuta mkanda wa pampu. Kazi yake ilikuwa kufunga sola zinazovuta maji ya mto hadi kwenye bustani za mboga. Baba aliposikia neno sola, hakumpa mkanda. Alimwuliza kwanza: mtu akiwa na gari la umeme hapa Juba, sola zitalitosha? Wateja wengine wangecheka, na wengi walishacheka. Huyu hakucheka. Alichuchumaa mlangoni, akachora vipande vya sola kwa kidole kwenye vumbi, akafikiri, akafuta, akachora tena.

"Itakula, mzee," akasema mwishowe, "lakini itakula kama mgonjwa, kidogo kidogo. Leo unaenda nayo kanisani, kesho inalala."

Baba akamletea kiti. Mimi nikamwangalia yule mtu akiwa bado amechuchumaa, na vumbi kwenye kidole chake, akiichukulia ndoto ya mzee wangu kama kazi ya kawaida aliyopewa, na nikampenda. Sina namna nyingine ya kulisema. Alirudi kununua mkanda wakati ule wa kwanza haujakatika. Akarudi tena kununua wa jirani yake. Nikamwuliza kama Rejaf nzima ina ugonjwa wa mikanda.

"Ni mikanda ya siku hizi," akasema, bila kunitazama usoni. "Haidumu."

Wazee wake wakaleta barua, wetu wakaipokea, na siku ya kuongea mahari ikapangwa nyumbani kwetu Kator. Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa sababu bila hiyo hutaelewa tulivyoumia. Kwetu, siku hiyo baba wa binti hasemi. Anaketi, anakunywa chai, anatazama miguu yake. Wanaosema ni ndugu zake, kwa mdomo wa yule waliyemchagua. Sababu inajulikana: lolote litakalotoka kinywani mwa baba mwenyewe ni dai, na dai la baba halijadiliwi. Akisema ana kiu, upande wa pili huinuka kutafuta maji. Mambo yakishakamilika, mkubwa wao humwuliza swali moja la heshima, moyo wake uko wapi. Baba hunyamaza. Ule unyamavu ndio ruhusa, na hapo hapo binti anahesabiwa ametoka kwao, ameolewa.

Hakuna aliyemkumbusha baba. Nani anamkumbusha mtu mzima avae suruali? Lakini baba yangu ujana wake wote aliumalizia barabarani. Binamu zake walipokuwa wakiketi kwenye vikao kambini, yeye alikuwa Eldoret akibadilisha tairi. Mila zetu alizijua kwa kusikia, vipande vipande, na kipande hiki kilimpita.

Mimi nilikuwa chumba cha ndani na shangazi, dada yake baba, nyuma ya pazia. Mkubwa wa wageni alikuwa baba mdogo wa mchumba wangu, katekista mstaafu, mwembamba, mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake. Mambo yalikwenda vizuri mno. Ng'ombe walikubaliwa, mbuzi wakakubaliwa, mashuka ya shangazi yakakubaliwa, na wali ulikuwa tayari jikoni. Ndipo yule mzee akakohoa, akauliza, "Na baba wa binti, moyo wake uko wapi?"

"Moyo yangu?" baba akasema, na kwa sauti yake tu nikajua anatabasamu. "Moyo yangu iko kwa ile arabiya ya Italia. Nangoja itoke."

Wajomba zangu wakaangua kicheko. Wageni hawakucheka hata mmoja. Shangazi alijiziba mdomo kwa kiganja, kisha akanong'ona, "Huyu mtu ametumaliza."

Kisha baba mdogo akasema taratibu, "Sisi nasikia. Baba wa binti anangoja arabiya. Basi hata sisi tutangoja. Ikitoka, tutarudi kujibu." Wakainuka, wakapeana mikono na kila mtu, wakaondoka bila kula. Wali ule tuliula wenyewe hadi tukauchukia.

Baadaye nilisikia kwamba njiani waligombana. Wengine walidai mzee anataka anunuliwe gari lenyewe, wengine kwamba ni njia ya kijanja ya kuwakataa. Yule katekista akawanyamazisha: mzee hakusema anataka, alisema anangoja, na neno la kungoja hujibiwa kwa kungoja. Ulimi hauna mfupa, lakini wa baba yangu siku ile ulivunja miguu ya watu wengi.

Neno likiwa linaning'inia namna hiyo, binti na mchumba wake hawaonani. Yeye alikuwa mtu wa kutii, na nilimpenda kwa utii huo na kumlaani kwa utii huohuo. Hakuja tena dukani. Hakunipigia. Ila baba mdogo wake hakukataza watu kuulizana habari za gari, kwa hiyo aliniandikia juu ya gari. "Habari ya gari?" Nami nikajibu, "Bado." Ndiyo yalikuwa mapenzi yetu yote. Nililala na simu chini ya mto kwa ajili ya maneno hayo matatu.

Na wale mafundi wa Italia, kama wangejua kuna mwanamke Hai Cinema anayewangoja, labda wangekaza mwendo. Lakini walilitoa gari lao kwa madaha. Kwanza walionyesha matumbo tu: betri pana kama mlango uliolazwa, mota zake, ekseli. Bodi hakuna. Wakasema halitakuwa bubu, kwamba mtetemo wake wenyewe utakuzwa kama wa gita. Baba alipiga meza.

"Si nilikuambia? Kimya kingi kina mshindo mkuu!"

Alikuwa amesahau habari za friji. Mimi nilikwenda nyuma ya duka nikalia kidogo kati ya makatoni ya filta, kisha nikanawa uso nikarudi kuuza.

Muda ukapita, wakaonyesha ndani yake: usukani, saa zake, viti. Sura yenyewe, wakasema, tutaiona baadaye. Nikaandika Rejaf kwamba leo wametoa viti. Jibu likaja upesi: "Nyuma pia viko?" Nikaandika kwamba ndiyo, naona viko. Naye akaandika, "Hiyo ni vizuri. Watoto wasikae kwa miguu ya watu." Niliusoma ujumbe huo hadi mteja akanigongea kaunta.

Nilianza kwenda sokoni Konyokonyo asubuhi, kwa wanawake wanaoleta mboga kutoka Rejaf. Nilinunua kudra, ule mlenda wetu wa kila siku, nikiwauliza imemwagiliwa na maji ya pampu au ya ndoo. Wakisema pampu, nilinunua mafungu zaidi ya tuliyohitaji. Tulikula kudra hadi baba akauliza kama daktari ameniandikia. Nilikuwa nikiyachambua majani yale jikoni na kufikiri kwamba maji yaliyomo humu yamepita mikononi mwake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Langu liliuma kweli, sehemu ambayo hakuna dawa inayofika.

Shangazi ndiye aliyekuja na suluhu. Neno la baba linaweza kurudishwa, akasema, lakini kwa njia moja tu. Mwenye neno aende mwenyewe nyumbani kwao, aketi chini, si kwenye kiti wala mkeka, aseme neno lile lilikuwa la mtoto mdogo.

"Mimi nikae chini? Rejaf?" baba akasema. "Na mvi yangu hii?"

"Ulipofungua mdomo hukukumbuka hiyo mvi," shangazi akamjibu. "Wewe iko kichwa ngumu tangu tumbo la mama."

Alikataa. Aliendelea kuniamkia kwa swali lake, "Imetoka?", na kila asubuhi nilimchukia zaidi kidogo. Nilidhani ni kiburi. Nilidhani pia kwamba kweli ananilinganisha na gari, na katika mizani yake mimi ndiye mwepesi.

Siku moja sikumjibu. Aliuliza, nikaendelea kupanga plagi. Akauliza tena.

"Baba," nikasema, "gari hilo likitoka leo, utalinunua?"

"Hapana."

"Utaligusa?"

"Nitaligusa wapi, mimi?"

"Basi unangoja nini?"

Alichukua kitambaa akaanza kufuta rafu ambayo nilikuwa nimeshaifuta. Aliifuta kutoka mwisho hadi mwisho, akajibu akiwa amenipa mgongo.

"Nangoja ichelewe."

Sikuelewa. Akageuka.

"Ikitoka, wewe unaenda," akasema. "Biniya, binti yangu, nisikilize. Mama yako tulipomzika, mimi nilirudi kwa lori wiki ileile. Sikukaa. Wewe ulikua, mimi niko barabarani. Mimi nimekujua hapa, kwa hii duka, unaponisomea habari. Ile neno ilitoka kwa mzaha, wallahi. Lakini walipoenda bila kula, mimi nilifurahi. Nilikula wali yako, nilifurahi."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia pia, na kwa kuwa sikuweza kufanya yote mawili, nilisimama pale na boksi la plagi mkononi nikilia mbele ya mteja aliyekuja kuuliza bei ya oili. Miezi yote ile, mimi nilipokuwa nikiomba Italia waharakishe, mzee aliyeketi kando yangu alikuwa akiomba wakawie, na kila asubuhi tulipotazama simu ileile, neno "bado" lilimshibisha yeye na kuninyima mimi. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kiburi ambacho hakuwa nacho, na hofu aliyokuwa nayo sikujua niikasirikie vipi.

Jumapili, baada ya misa Kator, baba alivaa koti lake la mazishi, akasimamisha boda. Shangazi akapanda nyingine, kwa sababu shangazi hakosi jambo. Hawakuniambia waendako. Nilikuwa nikifua nguo uani simu ilipolia.

"Habari ya gari?"

"Bado," nikaandika, kwa vidole vyenye povu.

"Baba yako iko hapa. Ameketi chini kwa vumbi. Mimi siwezi kumwangalia."

Nikaketi kando ya beseni. Shangazi aliporudi alinieleza yote. Baba hakusema lile neno la mtoto mdogo, alisema ukweli. Alisema neno lake lilikuwa la mtu mzima anayeogopa nyumba tupu. Yule katekista alimtazama muda mrefu, kisha naye akashuka kitini akaketi vumbini kando yake, na hivyo ndivyo walivyoletewa samaki, wakala kutoka sinia moja, wazee wawili wenye makoti yaliyochafuka.

Wakapanga siku nyingine. Gari lenyewe, hadi kikao kile cha pili kinaitishwa, dunia ilikuwa haijaonyeshwa sura yake, wala mimi sikuwa na haja nayo tena.

Safari hii baba alikumbushwa. Alikumbushwa na shangazi, na wajomba, na jirani, hata na muuza chai. Nami nilimkumbusha asubuhi ile nikimfunga vifungo vya shati: usiseme, baba, nakuomba, usiseme neno. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba ameshaanza.

Nikakaa nyuma ya pazia lilelile. Pazia lile lina tundu, na kwa tundu hilo nilimwona ameketi mwisho wa safu, mikono juu ya magoti, nywele zimechanwa kwa maji. Upande wa pili nilimwona mchumba wangu kwa mara ya kwanza tangu siku ile, amekonda, shingo yake imeungua kwa jua, na moyo wangu ukamkimbilia wote. Maneno yakapita upesi, kwa sababu yalikuwa yamekwisha kusemwa. Kisha baba mdogo akakohoa.

"Na baba wa binti, moyo wake uko wapi?"

Baba akainua uso. Mdomo wake ukafunguka kidogo. Shangazi alinibana mkono hadi kucha zikaingia. Kwa miezi mingi nilikuwa nimemwomba Mungu aufunge mdomo ule, kwa magoti, kwa machozi, na sasa niliyaona macho ya baba yanatafuta pazia, nikaligeuza ombi. Niliomba aseme. Aseme anangoja jambo lingine, lolote, gari la nchi nyingine, mvua, tairi kutoka Mombasa, nami nitarudi kesho dukani nimsomee na tungoje tena.

Baba akafunga mdomo. Akatazama miguu yake, akanyamaza, nami nikaolewa.